Kijana wangu alizimia baada ya sindano ya kuzuia kutapika. Tumwachishe dawa za akili?

Mfamasia wetu, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Mbagala. Nina kijana wa miaka 26, fundi cherehani. Alianza kuugua akili akiwa na miaka 20: anasikia sauti zikimtukana, halali, usiku anatoka na kutembea peku hadi Kongowe. Tulihangaika naye huku na huku kabla ya kufika hospitali. Alipoanzishwa dawa alitulia. Mpaka juzi alikuwa anameza haloperidol ya miligramu 5 usiku na Artane asubuhi, na kila mwezi anachomwa sindano kliniki. Anashona, ana wateja wake, na kodi ya nyumba tunasaidiana.

Wiki mbili zilizopita alitoka msibani Temeke, usiku akaanza kutapika na kuharisha. Asubuhi tukampeleka zahanati ya jirani. Wakamchoma sindano ya kuzuia kutapika kwenye mshipa, kwenye cheti imeandikwa ondansetron. Wakampa na vidonge vya sipro vya kuharisha, na vingine vya kutapika vinaitwa domperidone, ameze mara tatu kwa siku. Waliuliza kama kuna dawa inayomdhuru, tukasema hakuna. Habari za dawa zake za akili hazikutajwa.

Siku ya pili bado anaharisha, anakunywa chai ya rangi tu. Usiku akitoka chooni akaanguka kama mzigo. Macho juu, mikono inatikisika, halafu kama baada ya dakika moja akaamka, amechoka. Alfajiri akaanguka tena. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Wakampima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, daktari akasema QT imefika 520 na potasiamu kwenye damu ni 2.7. Wakamwekea dripu ya potasiamu na dawa nyingine inaitwa magnesiamu, wakazuia dawa zote za zahanati. Haloperidol nayo wakaisimamisha kwa muda. Siku ya nne tukaruhusiwa, QT imeshuka hadi 448. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika “torsades”, neno sikulielewa. Tukaambiwa turudi kliniki ya akili, tarehe yenyewe bado siku nane.

Sasa nyumbani hakuna amani. Baba yake mdogo anasema hizo dawa za akili ndizo zilizotaka kumuua, asizirudie kabisa, apelekwe kwa mtaalamu wa tiba za asili anayemjua yeye. Wengine wanasema ni kifafa. Wengine wanasema ni majini ya ukoo wetu, kwa sababu mdogo wangu wa kiume alizama Kilwa akiwa na miaka 17, kwenye maji ya kifuani, na alikuwa mwogeleaji hodari. Na binti yangu wa mwisho aliwahi kuzimia shuleni kwenye mashindano ya mbio.

Jirani yangu anatibiwa saratani Ocean Road, naye hupewa ondansetron hiyohiyo. Nilipomsimulia yaliyotupata akasema haimezi tena. Naogopa nimemtia hofu bure.

Mimi mwenyewe natumia dawa ya presha, ile ya kukojoza. Kijana siku tatu hizi halali, na jana usiku nilimsikia akijibizana na mtu asiyekuwepo. Tumwachishe dawa, au tufanyeje?

Mama wa fundi, Mbagala

* * *

Shikamoo mama. Pole kwa kuuguza, na pole kwa maneno ya nyumbani, maana najua yanachosha kuliko hata foleni ya hospitali.

Nianze na jambo lisilosubiri, ambalo wewe umeliweka mwishoni. Kijana halali siku ya tatu na ameanza kujibizana na mtu asiyekuwepo. Huo ni ugonjwa wake unarudi. Usisubiri hizo siku nane. Mpeleke kesho asubuhi, hospitali ya Temeke iko karibu nanyi na ina huduma ya afya ya akili. Beba daftari la kliniki, cheti cha zahanati, karatasi ya kuruhusiwa na ile karatasi ya ECG yenye mistari, kama mlipewa. Dirishani waambie maneno mawili: amesimamishiwa haloperidol kwa sababu ya moyo, na dalili zimerudi. Akikutana na daktari mapema, atapangiwa dawa akiwa bado anasikia akiambiwa. Akichelewa, atafika ameshikwa na watu wanne.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baba mdogo, ingawa hofu yake naiheshimu. Mgonjwa aliyeachishwa dawa ghafla akachafuka sana huletwa hospitali usiku, hajala, hajanywa maji, amehangaika juani kutwa, na ili atulie huchomwa sindano ya haloperidol au chlorpromazine kwa dozi kubwa kuliko kile kidonge chake kimoja cha usiku. Kwa moyo kama wa mwanao, hiyo ni hatari kubwa kuliko kurudishiwa dawa taratibu, mchana, baada ya ECG. Anayetaka kuulinda moyo wa kijana huyu aanze kwa kulinda usingizi wake na akili yake.

Sasa tuje kwenye kilichotokea. Moyo hupiga kwa umeme, na umeme huo hutokana na chumvi za mwilini zinazoingia na kutoka kwenye chembe za moyo: sodiamu, kalsiamu, potasiamu. Kila pigo linapokwisha, potasiamu hutoka nje kupitia vijilango vyake, na hapo chembe hupumzika na kuwa tayari kwa pigo jingine. Muda kuanzia vyumba vya chini vya moyo vinapoamshwa hadi vinapokuwa tayari tena ndio unaoitwa QT. Hizo herufi ni majina ya alama kwenye mistari ya ECG. Haloperidol ni ya akili, ondansetron na domperidone ni za kutapika, lakini zote tatu hubana mlango uleule wa potasiamu. Mlango ukibanwa, moyo unachelewa kuwa tayari. Umeliona pantoni la Kigamboni: magari bado yanashuka, na yale yanayotaka kupanda yameshaanza kusukumana kuingia, hakuna anayekwenda popote. Pigo jipya likiukuta moyo haujamaliza la kwanza, mapigo huvurugika hivyohivyo. Moyo unatetemeka kwa kasi bila kusukuma damu, ubongo unakosa damu, mtu anaanguka na viungo vinatikisika. Mara nyingi moyo hujirudi wenyewe ndani ya muda mfupi, mtu akaamka. Usipojirudi, mtu hufa.

Hiyo ndiyo “torsades” ya kwenye karatasi yenu. Daktari Mfaransa, François Dessertenne, ndiye aliyeieleza mwaka 1966 baada ya kumfuatilia bibi wa miaka 80 aliyekuwa akizimia mara kwa mara. Aliipa jina hilo kwa sababu mistari ya ECG ilionekana kama inajisokota. Kwa macho ya jirani aliyesimama mlangoni, kuanguka huku na kifafa havitofautiani. Kinachotofautisha ni ECG, na hospitali mliyokwenda waliichukua mapema. Magnesiamu waliyompa kwenye mshipa ndiyo tiba ya kwanza ya hali hii duniani kote. Walifanya kazi nzuri.

Namba mlizopewa zinahesabiwa kwa milisekunde, na daktari huzirekebisha kulingana na kasi ya mapigo. Kwa mwanamume, chini ya 450 ni kawaida. Kwa mwanamke, chini ya 460. Ikivuka 500, hatari ya mapigo kuvurugika inapanda sana. Mwanao alikuwa na 520. Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5, yeye alikuwa na 2.7, na ukosefu wa potasiamu wenyewe, hata bila dawa yoyote, hurefusha QT.

Angalia basi yaliyomkuta kijana huyu ndani ya siku mbili. Haloperidol ameitumia kwa miaka na hakuwahi kuanguka. Siku ile alikuwa nayo mwilini kama kawaida. Juu yake kulikuwa na ile sindano ya mwezi, ambayo watu wengi huisahau wanapotaja dawa kwa sababu si kidonge. Sindano hizo, iwe fluphenazine au haloperidol ya mafuta, hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo hata asiyemeza chochote leo bado ana dawa kwenye damu. Ikaja ondansetron, tena ya mshipani, inayofika moyoni mara moja. Ikaja domperidone mara tatu kwa siku. Sipro nayo ni miongoni mwa dawa zinazorefusha QT, ingawa peke yake huirefusha kidogo. Na muda wote huo potasiamu na magnesiamu zinatoka kwa kutapika na kuharisha, na kinachoingia ni chai ya rangi. Kila mmoja hapo alitoa dawa ambayo peke yake ingeweza kuwa sawa. Hakuna aliyezijumlisha.

Kujumlisha huko ndiko ninakotaka nyumba yenu ikushike, kuliko jambo jingine lolote ninaloandika hapa. Tafuta karatasi moja ngumu. Andika jina la kijana, kisha haloperidol au dawa atakayopewa badala yake, Artane, na sindano ya mwezi pamoja na tarehe ya mwisho aliyochomwa. Chini yake andika: “Aliwahi kupata torsades, QT 520.” Piga picha, iwe kwenye simu yako, simu yake na simu ya baba mdogo. Aiweke pia kwenye pochi. Karatasi hiyo itangulie mbele ya kila dirisha la dawa, hata kwenye duka la dawa muhimu la mtaani anapokwenda kununua kitu cha mafua. Najua aibu iliyopo. Kijana hataki kutaja ugonjwa wa akili mbele ya watu waliosimama kwenye foleni, na ana haki yake. Ndiyo maana nasema karatasi. Anaitoa mfukoni, anampa mtoa dawa, hahitaji kufungua mdomo. Akitaka kusema, aseme tu: “Nina QT ndefu, naomba uangalie hii kabla hujanipa chochote.”

Mtoa dawa akiiona, kuna majina yatakayomshtua, nawe uyajue. Azithromycin, ambayo wengi tunaiita azuma, na erythromycin. Sipro na ndugu zake. Fluconazole ya fangasi. Amitriptyline inayotolewa kwa ganzi na kukosa usingizi. Kwinini. Hata mseto wa malaria, yaani ALU, hurefusha QT kidogo. Hapa nakuomba sana, mama, usinielewe vibaya: malaria isiyotibiwa inaua, na mseto ni salama kwa watu karibu wote. Kijana akikutwa na malaria kwa kipimo, atibiwe, ila atibiwe mahali penye daktari na ECG. Kinachonikera ni ule utaratibu wa mtu kwenda na homa, bila kipimo, akarudi na dawa za malaria, UTI na taifodi kwa pamoja kwenye mfuko mmoja. Mtu mwenye moyo wa kawaida atapona na kusahau. Mwanao hawezi kucheza mchezo huo.

Erythromycin na fluconazole zina ubaya wa ziada: huzuia ini kuivunja domperidone, hivyo domperidone inarundikana kwenye damu. Mwaka 2014 mamlaka za dawa za Ulaya ziliishusha domperidone hadi miligramu 10 mara tatu kwa siku, isizidi wiki moja, na kukataza isichanganywe na dawa za namna hiyo. Marekani haijawahi kuiruhusu kuuzwa. Kwetu inapatikana kama peremende, na watu hawaihesabu kuwa dawa ya moyo hata kidogo.

Utajiuliza, basi akitapika tena apewe nini? Metoclopramide haina shida kubwa kwenye QT, lakini kwa kijana anayetumia haloperidol naikataa kwa sababu nyingine: zote mbili huziba kemikali moja ya ubongo, dopamini, na zikikutana shingo inaweza kupinda, taya kukaza, macho kugeuka juu. Kama aliwahi kupata hayo alipoanza haloperidol, ndiyo sababu anapewa Artane. Na Artane inatuliza misuli tu, haiukingi moyo. Promethazine nayo ina matatizo ya pande zote mbili. Ukweli ni kwamba mtu mzima anayetapika kwa chakula kibaya mara nyingi hahitaji dawa ya kutapika. Anahitaji ORS, kijiko baada ya kijiko, akitapika unangoja dakika kumi unaanza tena taratibu. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi ina potasiamu ndani yake. Chai ya rangi haiwezi kazi hiyo. Weka pakiti za ORS ndani ya nyumba muda wote. Akianza kuharisha, anza siku ileile, na akishindwa kuibakiza tumboni mpeleke hospitali yenye maabara akapimwe potasiamu, si zahanati ya sindano.

Nirudi kwa baba mdogo, kwa sababu anastahili jibu la haki. Hajakosea kusema dawa hizi zina uhusiano na moyo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani ulioonyesha kwamba watumiaji wa dawa za ugonjwa wa akili, za zamani na za kisasa, walikufa ghafla kwa moyo karibu mara mbili ya wasiotumia, na hatari ilipanda kadiri dozi ilivyopanda. Baadhi ya dawa zimeshaondolewa kabisa: thioridazine, ambayo wazee wa kliniki za akili wanaikumbuka, mtengenezaji wake aliiondoa sokoni mwaka 2005 kwa sababu hii hii. Lakini mwaka huohuo wa 2009 watafiti wa Finland nao walichapisha wa kwao, uliowafuatilia wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, zaidi ya 66,000 kwa miaka 11. Wale waliotumia dawa muda mrefu walikufa wachache kuliko wale ambao hawakutumia dawa yoyote. Ugonjwa wenyewe unaua: kwa kujiua, kwa ajali, kwa kulala nje, kwa maradhi mengine yasiyotibiwa kwa sababu mtu hajijui. Wewe ulimwona akitembea peku kwenda Kongowe usiku. Mkumbushe shemeji yako usiku huo.

Tena, swali la kesho halina pande mbili tu za haloperidol au bila dawa. Dawa hazilingani. Aripiprazole karibu haigusi QT. Olanzapine huigusa kidogo sana, ila huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe sukari na asiache kutembea. Risperidone iko katikati. Uchaguzi ni wa daktari wa akili, atakayeangalia nini kimewahi kumfaa kijana, nini kinapatikana dirishani na nini mtaweza kununua kila mwezi bila kukatiza. Dawa nzuri inayoisha tarehe 15 si dawa. Inawezekana hata kurudishiwa haloperidol kwa dozi ndogo baada ya potasiamu kukaa sawa, ECG ikifuatiliwa. Nyinyi ombeni mambo haya: apimwe ECG kabla ya kuanza, apimwe tena dawa mpya ikishakolea mwilini, na apimwe kila dozi inapopandishwa. Waulizeni pia juu ya sindano ya mwezi ijayo, isichomwe kwa mazoea kabla daktari hajaona karatasi ya moyo. Na akipewa olanzapine, sipro bado ni adui, safari hii kwa sababu hulizuia ini kuivunja olanzapine.

Mtaalamu wa tiba za asili nisimseme nisiyemjua. Ila kijana asipewe kinywaji cha kuharisha wala cha kutapisha “kusafisha tumbo”. Mnakumbuka kilichofanywa na siku mbili za kuharisha.

Kama ataanguka tena, msimnusishe kitunguu, msimtie kijiko mdomoni, msimmwagie maji. Mlazeni ubavu kama anapumua, na mtafute usafiri hapohapo hata kama ameamka anasema yuko sawa. Kama hapumui na haitikii, mtu mmoja apige magoti kando yake, aweke mikono miwili katikati ya kifua na akandamize kwa nguvu, kina cha kama sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta gari. Vijana wa mtaa wafundisheni kabla ya siku hiyo.

Kwa jirani yako, nenda leo ukazungumze naye. Hali yake haifanani na ya kijana. Dawa nyingi za saratani hutapisha vibaya sana, na ondansetron imewawezesha wagonjwa wengi kumaliza matibabu ambayo zamani waliyakimbia. Mwaka 2012 Marekani iliiondoa dozi moja kubwa ya mshipani ya miligramu 32 kwa ajili ya moyo, na sasa dozi moja ya mshipani haitakiwi kuzidi miligramu 16. Kidonge cha miligramu 8 ni kitu kingine kabisa. Asiache. Ila amwambie muuguzi wake dawa zote nyingine anazomeza, na kama dripu yake ni ya cisplatin, mojawapo ya dawa za saratani, aulize kama magnesiamu na potasiamu zinaangaliwa, kwa sababu cisplatin huifanya figo ipoteze magnesiamu.

Hospitali iliyomlaza kijana waombeni wajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kama hawajajaza. Hailengi kumshtaki mtu. Zahanati nyingi zitaendelea kuchanganya dawa hizi mpaka taarifa zifike mahali pa kutoa onyo.

Nimeacha hili hadi sasa kwa sababu nataka ulisome umetulia. Mdogo wako alikuwa mwogeleaji hodari, akazama kwenye maji ya kifuani akiwa na miaka 17. Binti yako alizimia akikimbia. Kijana wako ameangushwa na dawa ambazo wengine humeza wakasimama. Ninaposoma hayo matatu katika ukoo mmoja, nafikiria QT ndefu ya kurithi. Ni hali ya kuzaliwa nayo, karibu mtoto mmoja kati ya 2,000, ambapo vijilango vile vya umeme wa moyo vina kasoro tangu tumboni. Madaktari wa Italia na Ireland waliieleza mwaka 1963 na 1964. Mwenye nayo anaweza kuishi bila kujua, na moyo ukavurugika anapokimbia, anapoogelea, anaposhtuliwa ghafla, au siku anapopewa dawa inayobana mlango ambao tayari ni mwembamba. Siwezi kusema ndicho kilichomuua ndugu yako. Wala sibishani na mtu kuhusu majini. Nasema tu kwamba jambo hili linapimika, na likikutwa lina tiba, mara nyingi ni kidonge cha kila siku kama propranolol, ambacho si ghali.

Kwa hiyo baada ya kumpeleka kijana, wewe na binti mkapimwe ECG, na watoto wengine wa tumbo lako pia. Hospitali ya mkoa wanaweza kuanza, na wakiona shaka watawaandikia rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kwenye chumba cha daktari, habari ya mdogo wako aliyezama iwe ya kwanza kutoka mdomoni, kabla ya ile ya presha. Presha nayo usiifiche: vidonge vya kukojoza hupunguza potasiamu, na QT za wanawake kwa asili ni ndefu kidogo kuliko za wanaume, hivyo upimwe potasiamu siku hiyohiyo. Usiviache mwenyewe. Mpaka majibu yatoke, binti asishindane mbio, asiogelee baharini, na akiugua asimeze dawa yoyote kati ya zile nilizozitaja bila daktari kujua kaka yake yalimpata nini.